Kabla ya Dripu ya Kwanza

Yapo maneno mawili yanayosemwa upesi sana majumbani mwetu: uzee huo. Husemwa pale bibi aliyemaliza matibabu ya saratani anapoinjika maharage, akatoka kuanua nguo, na asikumbuke jiko mpaka majirani wasikie harufu ya kuungua. Husemwa pale mzee anapokosea namba ya siri ya simu mara tatu, laini ya pesa ikafungwa, na fedha ya kahawa ikabaki humo ndani mpaka apatikane mtoto wa kumpeleka mjini. Husemwa kwa upole, wakati mwingine kwa kicheko, na yakishasemwa hakuna anayeuliza tena. Jioni hii nataka kuyashika maneno hayo na kuyapima. Hoja yangu ni moja. Mzee anayetibiwa saratani anaweza kupoteza sehemu ya kumbukumbu yake kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, kwa sababu ya dawa, au kwa mambo yanayoandamana na dawa, na mengi kati ya hayo yana tiba. Lakini hatutajua lipi ni lipi kama hakuna aliyempima kumbukumbu yake kabla ya dripu ya kwanza kuingia mshipani.

Nasema haya nikiifikiria Mbebe, kata ya wilaya ya Ileje mkoani Songwe, nchi ya vilima, kahawa na mahindi karibu na mpaka wa Malawi. Mwanamke wa miaka 65 wa huko akitokwa na damu wakati hedhi ilishakoma miaka mingi, safari yake huanzia zahanati, ikaenda hospitali ya wilaya pale Itumba, pengine Vwawa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Akihitaji mionzi, kwa miaka mingi njia ilikuwa moja tu nchini: Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma kwa barabara kuu ya TANZAM. Baadaye Bugando ya Mwanza nayo ikaanza kutoa mionzi, lakini Mwanza si jirani wa Ileje. Itazame safari hiyo kama mtihani wa kumbukumbu, maana ndivyo ilivyo. Anatakiwa atunze cheti cha rufaa na majibu ya kinyama. Ajue dawa ya kutapika inamezwa lini na ile ya maumivu lini. Akumbuke jina la mtaa anakofikia Dar es Salaam na namba ya ndugu anayempokea, na siku ya kurudi kliniki, ambayo imeandikwa kwenye kadi kwa mwandiko ambao hata msomi huuangalia mara mbili. Mtu mwenye akili nzito kwa wiki mbili tu anaweza kuikosa tarehe moja kati ya hizo, na kwenye saratani tarehe moja si jambo dogo.

Tuanze na kinachojulikana. Huko Marekani watafiti waliwafuatilia wanawake 581 wenye saratani ya matiti waliopewa tibakemikali, wakawalinganisha na wanawake 364 wa umri uleule wasio na saratani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Kutoka kabla ya tiba hadi baada ya tiba, wagonjwa 45 katika kila 100 walieleza kuwa uwezo wao wa kukumbuka na kufikiri umeshuka kwa kiasi cha kuhesabika. Kwa wenzao wasio na saratani, katika muda uleule, walikuwa 10 katika kila 100. Miezi sita baada ya tiba kwisha, wagonjwa zaidi ya 36 katika 100 bado walikuwa hapo, na kwa wenzao ni zaidi ya 13. Angalia tofauti hiyo kwa makini. Wote waliishi miezi ileile, wote walizeeka kwa kiasi kilekile. Kama kalenda peke yake ndiyo inayofuta kumbukumbu, makundi haya mawili yangeshuka sawasawa.

Kinachopungua si kila kitu, na hapa ndipo familia nyingi zinapopotea. Bibi huyo anakumbuka vizuri kabisa mwaka alioolewa, anajua nani alikuwa nani kwenye ukoo, anasimulia njaa ya zamani na mvua zake. Ndiyo maana ndugu husema hana tatizo. Kinachopungua ni kasi, umakini, na uwezo wa kushika mambo mawili kwa pamoja: kusikiliza mgeni huku anahesabu chenji, kukoroga uji huku anamwangalia mjukuu. Neno linamkwama ulimini, neno analolijua tangu utotoni. Anaingia ndani kuchukua kitu, anasimama katikati ya chumba, hakijui tena alichofuata. Wagonjwa wenyewe husema kichwa kizito, au akili haitulii. Kitaalamu hiyo ni tofauti na ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, ule unaoanza polepole kwa kula kumbukumbu za juzi na jana na kuendelea mwaka hata mwaka. Huu wa matibabu huja na ratiba ya dawa, na kwa wengi hupungua miezi inavyosonga. Atakayeziona tofauti hizo ni yule tu anayejua mgonjwa alikuwaje mwanzo.

Kwa nini dawa ya titi au ya utumbo iguse kichwa? Dawa nyingi za saratani zimetengenezwa kuua seli zinazogawanyika haraka. Nywele hunyonyoka kwa sababu hiyo, na mdomo hutoka vidonda kwa sababu hiyo. Ndani ya ubongo nako kuna seli changa ambazo kazi yake ni kuzaa nyingine, zikiwamo zinazotengeneza ule utando wa mafuta unaofunika nyuzi za fahamu, mfano wa plastiki inayofunika waya wa umeme. Majaribio ya panya yaliyofanywa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa dawa ya fluorourasili, ambayo ni ya kawaida katika saratani ya utumbo, huziumiza seli hizo changa, na kwamba utando wa nyuzi uliendelea kuharibika hata baada ya dawa kukoma. Juu ya hapo kuna uvimbe wa ndani kwa ndani: mwili unaopambana na saratani na dawa kwa pamoja humwaga kwenye damu kemikali za kujihami, na kemikali hizo hufika kwenye ubongo. Mtu yeyote aliyewahi kuumwa malaria kali anajua jinsi homa inavyovuruga fikra. Sasa ongeza muda wake uwe wiki na miezi.

Umri unaingia wapi basi? Unaingia kama akiba. Ubongo una akiba yake, iliyojengwa na masomo, kazi, biashara, hesabu za vikoba, nyimbo za kwaya, chochote kinachoufanyisha kazi, na akiba hiyo hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba waliopata pigo kubwa la kasi ya kufikiri baada ya tibakemikali ni wanawake wenye umri mkubwa walioanza wakiwa na akiba ndogo. Mwaka 2018 utafiti mwingine wa huko, uliowahusu wanawake wa miaka 60 na kuendelea, 344 waliogundulika na saratani ya matiti na 347 wasioipata, ulitoa picha iliyo wazi zaidi: wengi walikwenda vizuri kwa miaka miwili yote ya ufuatiliaji, lakini wale waliopewa tibakemikali na wakati huohuo walizaliwa na aina fulani ya chembe ya urithi, ileile inayoongeza hatari ya ugonjwa wa Alzheimer, walishuka katika umakini na kasi. Nataka hilo lisikike vizuri. Wengi hawakushuka. Anayesema tibakemikali inafuta akili za wazee anakosea, na anayesema haigusi kitu naye anakosea. Inawagusa baadhi, na hao hawana alama usoni.

Si tibakemikali peke yake. Mwanamke aliyekwisha kukatwa titi, kama saratani yake ni ile inayochochewa na homoni, hupewa vidonge vya tamoksifeni ameze kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Mwaka 2010 Uholanzi ilichapisha utafiti wa wanawake waliokoma hedhi, ukaonyesha kwamba baada ya mwaka mmoja watumiaji wa tamoksifeni walifanya vibaya zaidi katika kukumbuka maneno kuliko wasio na saratani, ilhali waliotumia dawa nyingine ya homoni iitwayo eksemestani hawakuonyesha tofauti hiyo. Kwa wanaume kuna tezi dume, saratani inayoongoza kwa wanaume wa nchi hii. Tiba yake mara nyingi ni kuondoa homoni ya kiume, kwa sindano au kwa upasuaji wa kuondoa korodani, na hapa kwetu upasuaji huchaguliwa na wengi kwa sababu ni wa mara moja na gharama yake ni ndogo. Mwaka 2019 zilichambuliwa kumbukumbu za wanaume zaidi ya 154,000 wa Marekani wenye umri wa miaka 66 na kuendelea: waliopunguziwa homoni, 13 katika 100 walikuja kugundulika na Alzheimer; wasiopunguziwa, 9 katika 100. Zipo tafiti nyingine ambazo hazikuona tofauti. Sisemi basi kwamba tiba hiyo ndiyo sababu. Watu wanaopewa tiba ya homoni huwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo, na hilo peke yake laweza kuleta tofauti. Nasema tu kwamba mzee wa miaka 74 anayepelekwa chumba cha upasuaji ana haki ya kujua kwamba swali hilo lipo.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo naiona nzito kuliko zote, maana ndiyo yenye tiba ya bei nafuu. Kichwa cha mgonjwa mzee huvurugwa mara nyingi na vitu vya pembeni. Damu ikipungua ubongo unakosa hewa ya kutosha, na mgonjwa wa mlango wa kizazi aliyetokwa na damu miezi minane anaanza tiba akiwa tayari hana damu. Saratani hiyohiyo ikipanuka huminya mirija ya mkojo, figo zikashindwa, takataka zikabaki mwilini, na mgonjwa akaanza kuweweseka. Saratani ya titi ikifika kwenye mifupa huachia chumvi ya kalsiamu kwenye damu, na kalsiamu ikizidi mtu husinzia na kupotea kimawazo. Dawa ya sisplatini, inayokwenda pamoja na mionzi kwa mlango wa kizazi, inaweza kuua usikivu. Hapo unamwona mama anaulizwa jambo anajibu lingine, watu wanasema amesahau, kumbe hakusikia. Amewekewa dawa ya kuzuia kutapika, ameongezewa Piriton ya kutuliza mwasho wa ngozi, akapewa amitriptilini kwa ajili ya ganzi ya miguu, na usiku kidonge cha usingizi. Dawa tatu kati ya hizo hulemaza fikra za mtu mwenye umri huo hata kama hana saratani. Ni muuguzi au mfamasia makini tu anayehitajika hapo, akae na mfuko wa dawa wa mgonjwa, amwage vyote mezani na kuuliza kimoja kimoja cha nini. Na kama mgonjwa anaishi na VVU, kama walivyo wengi wenye saratani ya mlango wa kizazi, basi kirusi nacho kina historia yake ndani ya ubongo, na vidonge vinaongezeka mfukoni.

Atatokea wa kuniambia: lakini hata hao wazungu wako waliona wagonjwa wengine wameshashuka kabla ya dawa. Ni kweli, na namshukuru kwa kulileta. Mwaka 2004 watafiti wa Houston, Texas, waliwapima wanawake wenye saratani ya matiti kabla hawajapewa tibakemikali, wakakuta takriban theluthi moja tayari wana upungufu katika kufikiri na kukumbuka. Wasiwasi, kukosa usingizi, upasuaji na nusu kaputi, na saratani yenyewe, vyote vimeshafanya kazi. Lakini tazama jambo hilo linaegemea upande gani. Kama theluthi wanaingia wakiwa wameshashuka, kumpima mtu baada ya tiba tu hakutuambii kitu: utamlaumu mama kwa uzee, au utailaumu dawa bure. Aliyeshuka kabla ya dawa anahitaji kutazamwa damu, figo, usingizi na huzuni. Aliyeshuka baada ya dawa anahitaji dawa itazamwe. Bila kipimo cha kwanza hakuna daktari, hata bingwa, anayeweza kuwatenganisha wawili hawa.

Na kipimo chenyewe? Watu wengi hudhani ni mashine. Kiko kipimo kilichotengenezwa hapahapa Tanzania, wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, na madaktari wa nchi hii wakishirikiana na wenzao wa Uingereza. Waliwapima wazee 1,198 wa vijijini wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, matokeo yakachapishwa mwaka 2013, na hesabu ikatoa kwamba wazee zaidi ya 6 katika kila 100 wa umri huo wana ugonjwa wa kusahau. Kazini wakagundua tatizo: vipimo vya Ulaya vinadai kalamu, kuchora saa, kuandika sentensi, na bibi ambaye hakukaa darasani hufeli kwa sababu ya shule, si kwa sababu ya ubongo. Wakatunga kipimo kifupi cha sehemu sita kiitwacho IDEA. Anaulizwa daraja ni nini. Anaulizwa leo ni siku gani ya wiki. Anaulizwa kiongozi wa kijiji ni nani. Anataja wanyama wengi awezavyo ndani ya dakika moja. Anasomewa maneno kumi na baada ya muda anayarudia anayoyakumbuka. Mwisho anapewa njiti za kiberiti, anaonyeshwa umbo, naye analipanga. Jumla ni alama 15. Vifaa vyake ni kiberiti na saa ya mkononi.

Nikikiwaza kipimo hicho Mbebe, naona kinafaa kama kilitungwa pale. Nani katika Ileje, wilaya ya mito na makorongo, asiyejua daraja ni nini? Nani asiyemjua mwenyekiti wa kijiji? Ila kuna sharti moja, na ningependa wahudumu wa afya walishike: aulizwe kwa Kindali kama Kindali ndicho anachoota nacho. Mtu mgonjwa, aliyechoka, mbele ya koti jeupe, akiulizwa kwa Kiswahili cha ofisini atasita, na kusita kutaandikwa kuwa kusahau. Wanyama atakaowataja kwa lugha ya mama ni wengi kuliko atakaowatafuta kwa lugha ya pili, na alama zake zitakuwa za haki.

Watasema wengine kwamba ushahidi wote niliouleta juu ya dawa unatoka kwa watu wa Marekani na Ulaya, waliosoma, wanaopimwa saratani mapema, na hauna uhusiano na mkulima wa Songwe. Nakubali nusu. Takwimu zao hatuwezi kuzihamisha zilivyo na kusema ni 45 katika 100 wa Ileje. Lakini dawa ni zilezile, fluorourasili haibadiliki ikivuka bahari, na hali za hapa zinaelekea kuongeza mzigo badala ya kuupunguza: upungufu wa damu, ugonjwa uliochelewa, lishe duni, figo zilizochoka, safari ndefu. Kama akiba ya shule hulinda, basi wanawake waliozaliwa miaka ya 1950 vijijini, wengi wao walionyimwa shule, wanaingia vitani na ghala tupu zaidi. Ugeni wa takwimu unatudai tupime wenyewe. Hautupi ruhusa ya kunyamaza.

Pingamizi kubwa zaidi ni hili, na nalisikia kwa heshima: nchi inakadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kwa mwaka, wengi wakifika hospitali hatua ya tatu na ya nne, vitanda havitoshi, mashine za mionzi ni za kuhesabu kwa vidole, leo unataka muuguzi akae dakika kumi na njiti za kiberiti? Ndiyo, nataka, na sababu yangu haitokani na huruma peke yake. Tiba ya saratani nusu yake hufanyika nyumbani, na inafanywa na kumbukumbu ya mgonjwa. Kidonge cha tamoksifeni kilichosahaulika hakifanyi kazi. Mofini ya maji inayopaswa kunywewa kila baada ya saa nne, ikinywewa mara mbili kwa kusahau, ni hatari. Mgonjwa aliyeambiwa akipata homa siku ya kumi baada ya dripu akimbilie hospitali, na agizo likamtoka akilini, anaweza kufa kitandani kwake akiwa na maambukizi ambayo sindano ingeyazuia. Dawa ya mamilioni inategemea kichwa ambacho hakuna aliyekiangalia. Tena upo ushahidi kwamba kumtazama mzee mzima, kumbukumbu yake, miguu yake, dawa zake, msaada wa nyumbani, kunalipa. Jarida la Lancet la mwaka 2021 lilichapisha utafiti wa wagonjwa 718 wa miaka 70 na zaidi wenye saratani isiyopona. Pale ambapo madaktari walipewa taarifa ya tathmini hiyo pamoja na mapendekezo, wagonjwa waliopata madhara makali ya dawa walikuwa 51 katika 100. Pale ambapo hawakupewa, walikuwa 71. Na hawakufa mapema zaidi kwa sababu daktari alipunguza dozi. Wagonjwa 20 katika kila 100 kuepushwa madhara makali ni vitanda, ni damu, ni dripu. Anayelia uhaba ndiye angetakiwa kuwa wa kwanza kulitaka jambo hili.

Ipo na hofu ya mwisho: kwamba tukiwaambia wazee dawa inaweza kugusa kumbukumbu watakimbia hospitali waende kwa waganga. Hofu hii ni ya kweli, na dawa ya hofu ni kusema jambo zima. Saratani ya mlango wa kizazi isiyotibiwa inaua, na inaua kwa maumivu. Uzito wa kichwa baada ya tiba kwa wengi ni wa miezi, na unapungua. Mtu mzima akipewa vitu hivyo viwili kwenye mizani moja anajua kuchagua. Anayekimbia ni yule aliyefichwa, kisha akajikuta amepotea njia ya shamba lake mwenyewe bila mtu kumwambia kwa nini. Mtu huyo akirudi kijijini na kuzungumza, maneno yake yanawafukuza kumi. Na kuna madhara mengine ya ukimya ambayo hatuyataji vya kutosha. Mwanamke mzee aliyebadilika ghafla, anayeongea peke yake, anayesahau majina ya majirani, hapa nchini ameshawahi kuitwa mchawi, na tunajua neno hilo limewafikisha wapi baadhi ya wanawake wazee. Familia iliyoambiwa mapema kuwa mabadiliko kama hayo yanaweza kutoka kwenye damu, figo au dawa ina jibu la kumpa jirani. Familia isiyoambiwa itapokea jibu lolote litakalokuja.

Nitofautishe jambo moja kwa haraka kwa sababu ni la uhai. Kusahau kunakoingia polepole kwa wiki kunaweza kusubiri siku ya kliniki. Kuchanganyikiwa kunakoingia kwa saa au kwa siku moja, mgonjwa haijui nyumba yake, anaona watu wasiokuwapo, mchana analala usiku anahangaika, hakusubiri. Hiyo ni dharura kama kutokwa na damu. Inaweza kuwa maambukizi, figo, sukari, kalsiamu, au dawa zilizogongana. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na mfuko wake wa dawa mkononi.

Na wewe msikilizaji mwenye mama au baba anayeanza tiba wiki ijayo, Mbebe, Tunduma, Vwawa au popote sauti hii inapokufikia, usingoje hospitali iwe na utaratibu. Kaa naye jioni moja, kwa lugha yake, bila kumtisha. Muulize siku, muulize jina la mwenyekiti, mtajie maneno kumi na baada ya chai mwombe ayarudie. Andika kwenye daftari alikumbuka mangapi, na tarehe. Weka daftari hilo pamoja na kadi ya kliniki. Siku ya dripu ya kwanza mpe muuguzi alione, na mwombe aandike kwenye faili kwamba mgonjwa huyu alikumbuka maneno sita, au saba, au matatu, kabla dawa haijaanza. Baada ya dozi ya pili rudia. Idadi ikishuka, usiseme uzee huo. Mwambie daktari, na uonyeshe daftari.